Nimebadilisha plagi, koili, pampu na sensa, bado inakohoa ikiingia busti. Wenye turbo za zamani njooni

#1 BoxaDamu

Wakuu, kwema? Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu, leo nimekwama, naomba akili zenu.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2002, injini EJ205, gia za mkono, turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) ileile iliyotoka nayo kiwandani. Dashibodi inasoma kilometa 178,000 na mimi ni mmiliki wa tatu. Tatizo lilianza polepole, kama miezi mitano hivi. Asubuhi ikiwa ya baridi inakwenda kama ilivyozaliwa. Ikishapata moto, nikiwa gia ya tatu au ya nne nikakanyaga, inavuta vizuri hadi mizunguko kama 3,300, mshale wa busti, yaani presha ya hewa ya turbo, unapanda, halafu pale pale inapotakiwa kunibandika mgongo kwenye siti inaanza kukohoa. Inajikaza, inaachia, inajikaza, inaachia, kama mtu anayevuta kamba iliyonasa. Nikipunguza mafuta nusu inatulia na kwenda zake. Sailensa nayo, yaani injini ikiunguruma gari imesimama, inatetemeka, kidogo tu, asiyeizoea gari hawezi kugundua.

Mpaka sasa nimebadilisha plagi nne, koili nne, sensa ya hewa mara mbili (ya kwanza nilidhani nimeuziwa feki), pampu ya petroli, chujio lake, na sensa ya oksijeni ya mbele. Kila kikifungwa kipya natoka kwenda kujaribu moyo ukidunda, na kila safari narudi nimenuna. Taa ya injini haijawaka hata siku moja. Fundi wa mwisho alitoa intakula (kipozeo cha hewa ya turbo), akaziba mdomo mmoja, akaijaza upepo, haikuvuja. Akasema basi turbo ndiyo imekufa. Kabla sijauza figo ninunue turbo, nimekuja kwenu.

#2 Mvua_ya_Lami

Uza hiyo kitu ununue gari ya watu wazima. 😂 Natania mkuu, nimeweka kigoda hapa nisome.

#3 NusuRaundi

Pole sana. Ila swali la kiungwana: katika hivyo vyote ulivyonunua, kuna hata kimoja ulichopima kabla ya kukitoa? Au uliambiwa "badilisha koili" ukabadilisha?

#4 BoxaDamu

Umenishika pabaya. Koili niliambiwa na fundi. Sensa ya hewa niliambiwa na jirani mwenye Forester. Pampu nilijiambia mwenyewe saa nane usiku.

#5 Mzee wa Spana

Kijana, turbo ikifa haifi kimya. Huanza kulia kama filimbi iliyopasuka, au inatoa moshi wa bluu ukiachia mafuta kisha ukakanyaga tena, au ukishika ncha ya shafti yake unaisikia inacheza hadi pezi zinagusa nyumba. Kuichezesha kidogo kushoto kulia si kosa, ikiwa haina oili ndani zote hucheza hivyo. Kuicheza mbele nyuma ndiko kubaya. Hakuna kati ya hayo? Basi iache turbo ya watu ipumzike.

Sasa leta namba. Sitaki hadithi ya kukohoa, zote hukohoa. Nataka vitu vinne. Kompyuta inaongeza au kupunguza petroli asilimia ngapi ukiwa sailensa, na asilimia ngapi ukiwa mwendo wa kutulia barabarani. Presha ya petroli kwenye reli, iliyopimwa na geji, si ya kukadiria. Busti inafika ileile ya zamani au imeshuka? Na kompyuta ya hiyo injini ina alama yake ya ndani ya kuwahisha moto wa plagi, kamili ni 16, ikishuka maana yake moto unacheleweshwa, yako iko ngapi? Gari za soko la Japani za miaka hiyo nyingi hazikubali skana za kawaida, tafuta waya wa kuunganisha na laptop na programu inayoongea lugha ya Subaru.

#6 KamandaBusti

Mzee anakuzungusha. Hiyo ni valvu ya kupumulia turbo. Fungua ile ya kiwandani, weka ya kutoa upepo nje, utasikia "pshhhh" na gari itakuwa nyepesi. Mimi niliweka, tofauti kubwa.

#7 Mzee wa Spana

Tofauti uliyoisikia ni ya masikio. Injini yake inahesabu hewa mlangoni, kwenye sensa, kabla ya turbo. Hewa ikishahesabiwa, petroli yake tayari imepangwa. Ukiimwaga nje, ile petroli inabaki bila mwenzake: inakuwa tele, gari inazubaa kila ukibadilisha gia, na plagi zinakuwa nyeusi. Kwa magari yanayohesabu kwa presha ya manifoldi (mabomba ya kugawia silinda hewa) sawa, mwaga upendavyo. Kwa hili usimpe kijana tatizo la pili kabla hajamaliza la kwanza.

#8 KamandaBusti

Sawa mzee. Ila "pshhhh" ni tamu.

#9 BoxaDamu

Nimerudi na namba. Waya nimeazima.

Sailensa, injini ya moto: kompyuta inaongeza asilimia 6. Mwendo wa kutulia gia ya nne: inaongeza 14. Nikipandisha mlima taratibu bila kuingia busti kabisa inafika 17. Presha ya petroli nimefunga geji, iko sawa na haishuki hata nikikanyaga. Busti inafika ileile, labda inachelewa kidogo. Ile alama ya moto iko 9.

Mzee, 9 kati ya 16 ni mbaya kiasi gani?

#10 Mzee wa Spana

Ni mbaya kiasi cha kukwambia acha kukanyaga hiyo gari kuanzia leo. Kompyuta imesikia injini ikigonga, ikaogopa, ikarudisha moto nyuma. Hapo ndipo nguvu zako zilipokwenda. Pistoni za alumini hazisamehi kugonga. Endesha kama umebeba mayai mpaka tumalize.

Sasa tufikiri wote. Kompyuta inaongeza petroli, maana yake sensa ya oksijeni inaona hewa nyingi kuliko iliyohesabiwa. Ama petroli ni pungufu, ama kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Petroli umeipima, ipo. Sensa ya hewa umebadilisha mbili, haiwezekani zote tatu ziseme uongo mmoja. Inabaki hewa ya wizi.

Inaibiwa wapi? Kama tundu lingekuwa baada ya turbo, kwenye intakula au mipira yake, ukiingia busti hewa iliyohesabiwa ingetoka nje, petroli ingezidi, ungeona moshi mweusi. Kwako hakuna. Kama lingekuwa kwenye manifoldi, baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), wizi ungekuwa mkubwa zaidi ukiwa sailensa kwa sababu pale ndipo injini hunyonya kwa nguvu, na ungepungua ukiongeza mizunguko. Kwako ni kinyume: 6, 14, 17. Kadiri hewa inavyopita kwa wingi ndivyo wizi unavyokua. Kuna sehemu moja tu inayofanya hivyo.

#11 NusuRaundi

Kati ya sensa na turbo.

#12 Mzee wa Spana

Umepata. Na yule fundi alipima kweli, simlaumu, ila alipima nusu ya barabara. Intakula iko baada ya turbo. Angepuliza pale hadi kesho, haivuji, na mwizi amekaa upande wa pili anamtazama.

#13 BoxaDamu

Dah. Nimesoma hiyo mara tatu. Kumbe majibu yalikuwa kwenye mwelekeo wa namba.

Sasa huo mpira wa kuingiza hewa kwenye turbo nauonaje? Nikifungua boneti naona kipande kile chenye mikunjo kama akodioni karibu na boksi la chujio, baada ya hapo unapotelea chini ya manifoldi.

#14 Mzee wa Spana

Huwezi kuuona wote bila kunyanyua manifoldi. Usinyanyue bado. Kwanza thibitisha.

Tengeneza kofia ya kupimia. Chukua kifuniko cha bomba la plastiki la maji kinacholingana na mdomo wa ule mpira wa mikunjo, toboa katikati, kaza valvu ya tairi, ile ya kupitisha kwenye rimu. Chomoa mpira kwenye sensa ya hewa, kofia ikae hapo, kaza kwa klipu. Hapo utakuwa unajaza njia yote: mpira, turbo, intakula, hadi manifoldi. Ndiyo sababu nasema hapo na si kwingine.

Kabla hujapuliza, bana mipira ya kupumulia injini inayotoka kwenye kava za valvu kuja kwenye huo mpira. Usipoibana upepo utaingia kwenye kizimba cha kranki na kutafuta njia ya kutokea kwenye sili za oili, utakuja kunilaani. Kifuniko cha oili kiwe kimefungwa. Panda taratibu, psi 5 kwanza, halafu 10. Usivuke 15, na simama pembeni ya kofia, mimi niliwahi kuipokea kwa paji la uso. Ukisikia upepo unatoka kwenye eksozi usishtuke, kuna valvu iliyo wazi. Zungusha kranki kidogo kwa spana utasikia inapungua. Chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia. Zima redio, fukuza watu, sikiliza.

#15 Dada Rota

Wakati BoxaDamu anatafuta kifuniko cha bomba, niongeze langu. Nina Mazda RX-7 FD, ile yenye injini ya rota badala ya pistoni na turbo mbili zinazopokezana. Chini ya manifoldi kuna mipira ya vakyumu midogo midogo, imesokotana kama kiota, na kila mmoja una kazi yake ya kufungua au kufunga kitu fulani ili turbo ya pili iingie kwa wakati. Mmoja ukipata ufa, turbo ya pili inachelewa au haiji kabisa, na busti inaanguka katikati kama umekata kamba.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nabadilisha ule ulioharibika tu. Wiki mbili baadaye mwenzake. Halafu mwingine. Nikaja kuelewa kwamba yote ilizaliwa siku moja na kupikwa kwenye joto moja, kwa hiyo yote inakufa pamoja, ila inapishana wiki. Nilitoa yote, nikaweka ya silikoni, nikafunga karatasi yenye namba kwenye kila ncha kabla ya kuchomoa. Hiyo karatasi ndiyo iliyoniokoa. Niliwahi kuamini kumbukumbu yangu siku moja na nikalipia kwa wikiendi mbili.

Kingine: wenzangu wa rota, usikubali fundi akupimie kompresheni kwa geji ya kawaida ya pistoni akakuambia namba moja. Kila rota ina vyumba vitatu, unahitaji kuona vyote vitatu kimoja kimoja, na mizunguko ya stata lazima ijulikane kwa sababu namba inabadilika nayo.

#16 Mvua_ya_Lami

Dada Rota, swali la kizushi: ni kweli hiyo injini inakula oili?

#17 Dada Rota

Inapewa oili. Kuna pampu ndogo inayoingiza oili ndani kulainisha sili za ncha, hivyo ndivyo ilivyobuniwa. Usipoona oili ikipungua kabisa ndipo uogope. Mimi naangalia kijiti kila nikijaza tangi.

#18 NusuRaundi

Kwa kuwa tunasubiri, nami nitoe kisa cha kubahatisha. Civic yangu yenye B16, injini ndogo ya 1,595 cc isiyo na turbo, ila ukiipeleka juu inaimba hadi nywele zisimame. Ilikuwa na tabia moja: nikiegesha juani mchana, nikirudi haiwaki. Stata inazungusha vizuri tu. Nikisubiri jua lipungue, inawaka kwa funguo moja kama hakuna kilichotokea. Kila nikiifikisha kwa fundi jioni, inawaka. Fundi ananiangalia kama mgonjwa.

Tulibadilisha distribyuta. Tukabadilisha pampu. Siku moja nikakaa ndani ya gari, mchana, jasho linatoka, nikafungua funguo bila kupiga stata, nikasikiliza. Kawaida taa ya injini huwaka sekunde mbili ikazima, na nyuma pampu inalia "mmmm" sekunde hizo hizo. Safari hii taa iliwaka na kukaa. Nyuma kimya. Nikaingiza mkono chini ya dashibodi upande wa dereva, nikapata rilei kuu ya petroli, nikaipiga kwa kidole. Tik. Pampu ikalia.

Nilipoifungua, ndani ni kibodi kidogo cha umeme, na kuzunguka miguu miwili ya rilei lehemu ilikuwa na duara jembamba jeusi, kama pete ya mwezi. Ufa. Ikipata joto inatanuka na kuachia. Niliilehemu upya kwa dakika kumi. Distribyuta ya zamani bado ninayo kwenye kabati, nzima kabisa.

#19 BoxaDamu

NusuRaundi umenichekesha na kuniliza. Koili zangu za zamani ziko uvunguni kwa kitanda.

#20 KamandaBusti

Naomba kuuliza jambo la oili kabla ya uzi kuisha. Gari ya turbo iliyozeeka, niongeze uzito? Fundi wangu anasema 20W-50 kwa sababu injini "imelegea".

#21 Mzee wa Spana

Hapa tutagombana, najua. Mimi siendi huko. Shafti ya turbo inaelea juu ya oili nyembamba, na njia ya kuipelekea ni nyembamba pia. Kwenye EJ nyingi kuna bolti yenye tundu, na ndani yake kichujio cha wavu kidogo kuliko ukucha. Oili ikichelewa kubadilishwa inaganda pale, turbo inakosa damu, watu wanailaumu turbo. Ongeza uzito na asubuhi itafika kwa kuchelewa zaidi. Kama injini inapiga kelele kwa sababu ya kulegea, oili nzito itafunika kelele tu. Mimi natumia 5W-40 sinthetiki, nabadilisha kila kilometa 5,000, na nimefungua ile bolti nikaona kwa macho.

#22 Dada Rota

Mzee mimi nakubaliana nusu. Anayeendesha kwa kasi sana kwenye joto, oili inafika joto la kutisha, 5W-30 inakuwa maji. Kipimo cha joto la oili ndicho kinachotakiwa kuamua.

#23 Mzee wa Spana

Kwa hilo nakupa. Geji ya joto la oili na ya presha, kabla ya rimu mpya. Wengi wananunua rimu.

#24 NilikuwaNaGTR

Nikiwa na Nissan Skyline GT-R R32 kabla sijaoa, niliona watu wakiongeza busti kwa kupindisha valvu ndogo wakijisifu. Turbo za kiwandani za RB26, injini yake, gurudumu lake la upande wa moto ni la kauri. Kwa busti ya kiwandani linadumu, ukilisukuma zaidi ya bar 1 hivi linavunjika na kwenda zake kwenye eksozi. Gari inabaki na nguvu za baiskeli. Mnaonunua gari iliyozeeka, ulizeni kwanza kama mwenye nayo aliwahi "kuongeza kidogo tu".

#25 BoxaDamu

WAKUU. Nimempata.

Kofia nimeitengeneza jana, leo asubuhi nimepima. Psi 5, kimya. Nikadhani nimepoteza muda. Psi 8, kukawa na sauti, si ya kupiga mluzi, ni ya kupumua, kama mtu amelala karibu. Nilizunguka gari yote na chupa ya sabuni nikinyunyizia mipira ya intakula kama alivyofanya fundi. Hakuna povu. Nikazima kompresa, nikaweka sikio karibu na manifoldi. Inatoka chini.

Halafu kitu kikaniingia akilini: asubuhi gari ni nzuri, ikipata moto ndipo inaharibika. Nikaiwasha nusu saa, nikaizima, nikafunga kofia haraka kabla haijapoa. Psi 8. Sauti ikawa kubwa mara mbili. Mpira ukiwa wa moto unalegea, ufa unafunguka.

Nimenyanyua manifoldi leo mchana na rafiki yangu. Kazi ya kishetani, nakubali. Kuna bolti moja nyuma karibu na ukuta wa moto ambayo niliishika kwa ncha za vidole viwili na kuizungusha robo, robo, robo. Mpira ulipotoka nikaugeuza. Juu unang'aa, mzuri, ungeuziwa ungenunua. Chini, pale unapokunja kona kuelekea turbo, ufa wa urefu wa kidole cha shahada, na mwingine mdogo pembeni yake. Nikiukunja kwa mkono unafunguka kama mdomo wa samaki. Mpira wenyewe umelowa oili na kulainika kama maandazi yaliyolala kwenye chai, sehemu ile ile inapoingilia mipira ya kupumulia.

#26 Mvua_ya_Lami

Mdomo wa samaki!! 😂😂 Picha tafadhali.

#27 Mzee wa Spana

Safi sana, kijana. Hilo la kuupima ukiwa wa moto sikukwambia, na ningepaswa kukwambia. Umenifundisha.

Sasa manifoldi iko nje, usifunge bila haya. Badilisha gasketi zake, usirudishie za zamani hata kama zinaonekana nzuri. Ziba mashimo ya kuingizia hewa kwenye hedi kwa vitambaa safi na uvihesabu, idadi uliyoingiza ndiyo idadi utakayotoa. Mipira midogo ya vakyumu yote iliyo chini ya hapo ni ya 2002 kama huo, sikia alichosema Dada Rota. Mpira wa maji unaokwenda kwenye turbo uguse, kama umevimba uutoe. Na ile bolti yenye wavu ya oili ifungue sasa, maana umeshafika jirani.

Ile valvu ya kupumulia injini pia, itikise. Ikisikika inachezacheza ndani ni nzima. Ikiwa kimya imeganda, na huenda ndiyo iliyokuwa inatema oili ikala mpira wako.

#28 BoxaDamu

Nimeitikisa. Kimya.

#29 Mzee wa Spana

Basi mwizi alikuwa na mwenzake.

#30 KamandaBusti

Mpira mpya ununue wa silikoni. Wa kiwandani ukiingia joto unalegea na kunyonyeka, silikoni hailiwi na oili.

#31 Dada Rota

Silikoni nzuri ndiyo. Ile nyepesi ya kung'aa isiyo na nyuzi ndani hunyonywa ikajikunja kwenye busti kubwa kuliko hata mpira wa zamani. Na kuna silikoni ya kawaida inayopitisha oili taratibu, utaona inatoka jasho kwa nje. Kwa sehemu yenye mvuke wa oili tafuta iliyowekwa tabaka la ndani linalozuia oili. Uliza muuzaji, akishindwa kujibu ondoka.

#32 NusuRaundi

Ukirudisha plagi, fanya injini ikiwa ya baridi na anza kwa mkono hadi mwisho. Hedi ni ya alumini, na kwenye boksa, injini ya silinda zilizolala ubavu, plagi iko pembeni karibu na chasi, hamna nafasi, ni rahisi kuipindisha nyuzi. Kama Nm 20 hivi inatosha. Mimi natumia kipande cha mpira wa petroli kuanzia kuikaza: nyuzi zikikosea, mpira unateleza wenyewe.

#33 BoxaDamu

Huo ujanja wa mpira naiba.

#34 NilikuwaNaGTR

Wakati mko humo, maji ukimaliza kuyamwaga na kujaza, Subaru ya turbo ina vifuniko viwili vya presha, cha kitangi cha juu na cha rejeta, na havifanani kazi. Usivibadilishane. Nimeona gari ikipata moto miezi mitatu kwa sababu hiyo tu, wameshanunua hadi gasketi ya hedi. Jaza kwa kitangi cha juu taratibu, hewa itoke.

#35 BoxaDamu

Siku nane baadaye. Nimechelewa kwa sababu mpira ulichelewa kufika.

Nimefunga: mpira mpya wenye nyuzi na tabaka la ndani, gasketi za manifoldi, valvu ya kupumulia, mipira ya vakyumu yote (na karatasi zenye namba, asante Dada Rota), bolti ya oili nimeifungua. Mzee, ule wavu ulikuwa na utando mweusi kama lami nusu ya tundu. Nimeutazama dakika nzima nikifikiria turbo niliyotaka kununua.

Kabla ya kuwasha nimefunga kofia tena, psi 12, kimya kabisa. Kimya hadi nikaangalia geji kama inafanya kazi.

Namba: sailensa inaongeza 1. Mwendo wa kutulia 2. Mlimani 3. Nilifuta kumbukumbu ya kompyuta na kuendesha polepole siku mbili kama nilivyoambiwa, ile alama ya moto imejipandisha yenyewe hadi 16. Juzi usiku, barabara tupu, gia ya tatu, nikakanyaga kuanzia 2,500. Sina cha kusema. Ilivuta hadi mwisho bila kusita, abiria wangu akashika mpini wa juu ya dirisha akaniambia "Sawa, nimeelewa, punguza."

Kwa hiyo hesabu ya miezi mitano: koili nne nzima, plagi nne nzima, pampu nzima, sensa mbili nzima za hewa na moja ya oksijeni. Zote ziko uvunguni. Mwenye EJ anayezihitaji aseme.

#36 NusuRaundi

Zitunze hizo. Siku koili moja ikifa kweli, utakuwa na ya kuhamishia ili uone kama tatizo linahama silinda. Hicho nacho ni kipimo.

#37 Dada Rota

Hongera sana. Breki ulishazigusa tangu uinunue? Maji ya breki yanavuta unyevu kimyakimya. DOT 4 mpya huchemka kuanzia digrii 230, ikishakunywa maji inaweza kushuka hadi 155. Sasa unazo nguvu tena, hakikisha unasimama.

#38 BoxaDamu

Sijagusa. Naona aibu kusema ni rangi gani. Wiki hii.

#39 Mzee wa Spana

Na mkanda wa taimingi? Mmiliki wa tatu, kilometa 178,000, una karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini? Hiyo injini valvu na pistoni zinakutana mkanda ukikatika.

#40 BoxaDamu

Aliyeniuzia alisema "ulibadilishwa".

#41 Mzee wa Spana

Hilo ni neno, si karatasi. Mkanda, tenshona, roli zote na pampu ya maji, kwa pamoja. Endelea kubeba mayai.

#42 Mvua_ya_Lami

Wakuu samahani kuingilia furaha. Nami nina kimeo changu cha turbo, sikutaka kusema. Kimeanza kukohoa tangu jana kikipata moto. Nimeshaagiza koili.

#43 Mzee wa Spana

Namba.